Kupokea Ndiyo Kazi Yake

Muuguzi Tunu alitoka kwenye wodi ya waliotengwa, akavua glavu na kuketi sakafuni, maana miguu ilikuwa imegoma. Bi Mwanahawa, ambaye mumewe alikuwa ndani akipumulia oksijeni, akaja kuketi karibu naye.

“Mwanangu, hicho kirusi kiliingiaje mwilini mwake? Kilipasua wapi?”

Tunu akajibu. “Hakipasui kitu, mama. Kila chembe ya mwili ina utando mwembamba, na juu yake kuna vipokezi, mfano wa kufuli. Kirusi kina miiba inayoingia mle kama ufunguo. Basi chembe hudhani imepata kitu chake, ikajikunja, ikakimeza.”

“Kumbe inakikaribisha yenyewe!”

“Haijui, mama. Kupokea ndiyo kazi yake.”

Bi Mwanahawa alifuta macho kwa ncha ya kanga. “Kaka yangu alipiga hodi huku anakohoa. Mume wangu akaninong'oneza tumrudishe. Mimi nikamtandikia kitanda.” Akashusha pumzi. “Naomba nikamwone mume wangu.”

Wengine wote walioomba hivyo Tunu alikuwa amewakatalia. Safari hii aliinuka akishika ukuta, akamvisha yule mama barakoa na gauni la plastiki, akamfunga kamba za mgongoni taratibu.

Kupitia dirisha la kioo Tunu alimwona akisogelea kitanda cha mumewe. Mzee hakufumbua macho. Alisikia nyayo tu, akajikokota hadi ukingo wa pili wa kitanda, akaacha nafasi ya mtu mmoja kuketi.