Kofia Nyeupe za Nguchiro

Hivi wewe, ukipewa cheo, huwa unauliza utamsimamia nani? Nyigu hakuuliza. Alikuwa fundi wa udongo kwenye jumba la Nguchiro, na tangu msingi uchimbwe alitamani kitu kimoja tu: kukaa kivulini adhuhuri, amlishe mwanawe. Chama cha mafundi kingemdaia haki hiyo, ila kwanza mafundi wakipigie kura.

Siku moja kabla ya kura, Nguchiro alimwita pembeni. "Dada Nyigu, sasa wewe ni msimamizi. Usiwaambie wenzako." Akamvika kofia nyeupe.

Kesho yake Kakakuona, afisa wa kazi, akatangaza sheria: msimamizi si fundi, hapigi kura. "Wasimamizi wakae kando."

Nyigu akaitoa kofia yake alikoificha, akaivaa, akasogea kando. Mchwa, fundi mwenzake, naye akatoa ya kwake. Kumbe kila fundi alikuwa nayo; wakasogea wote, uwanja ukabaki mtupu.

"Basi, chama hakuna," akasema Kakakuona.

"Haya, waheshimiwa wasimamizi," akasema Nguchiro, "udongo unakauka."

Jua lilikuwa la utosi. "Nani katuuza?" akafoka Mchwa, kofia nyeupe kichwani.

Nyigu alikitazama kivuli cha ukuta alioujenga mwenyewe, akavua kofia.

"Mimi," akasema. "Niliipokea nikijua nyinyi mtabaki juani."