Kuta za Mzee Pascoe

Mereana alikuwa ameshafuta ukuta wa jikoni kutoka juu kwenda chini, akakunja kitambaa, na sasa alikuwa akiufuta tena kutoka kushoto kwenda kulia. Hakutaka kuruka hata pembe moja. Nyuma yake binti yake, Huia, alikuwa amechuchumaa kando ya boksi la vipimo.

"Mama, ukisugua hivyo utatoboa ukuta, na nyumba yenyewe hatujanunua."

"Nipe chupa."

Huia akamfungulia chupa ya maji ya kupimia. Kitambaa kikaingia, kikatikiswa, kisha kijiti cha kupimia kikafuata. Mistari miwili ni nyumba safi. Mstari mmoja ni kwamba mtu amevuta dawa za kulevya humo ndani, moshi ukaganda ukutani.

Ukatokea mmoja.

Sebuleni pia ulikuwa umetokea mmoja. Bafuni vilevile.

"Tena?" aliuliza Mzee Pascoe, mwenye nyumba. Alikuwa amesimama mlangoni na soksi tu miguuni, kikombe cha chai mkononi, kama mgeni asiyejua aketi wapi.

"Tena, mzee."

"Mimi na marehemu mke wangu tumekaa humu tangu tulipooana. Dawa kali kuliko zote iliyowahi kuingia humu ni ya kikohozi."

Huia akacheka. "Na wajukuu je, mzee? Wewe ukishalala?"

"Sina wajukuu, binti. Nina paka."

"Basi tumuulize paka."

Mereana alimkata jicho. Masikio ya mzee yalikuwa yameiva kwa aibu. "Tokoroa ni mji mdogo," alisema polepole. "Dukani watanitazama vipi?"

Mereana alijua wanavyotazama. Nyumba waliyokuwa wamepanga ilipopimwa mwaka jana ikakutwa imejaa moshi huo, mjukuu wake Mihi, mtoto wa Huia, alichukuliwa siku hiyohiyo, akapelekwa kulelewa na watu baki. Huia aliapa kwamba uchafu ule uliachwa na wapangaji waliotangulia. Mereana hakumuuliza mara mbili. Watu wa ustawi wa watoto walisema neno moja tu: leteni nyumba safi, mtoto atarudi. Na nyumba waliyoimudu ilikuwa hii, ya mbao, yenye kichumba upande wa jua ambacho moyoni alikuwa ameshakiita chumba cha Mihi. Kesho jioni ilikuwa siku ya kutia sahihi au kuiacha.

Alitembea hadi dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Mama, kaa chini. Unanitia kizunguzungu."

"Labda hicho kidubwana chenu ni kibovu," alisema mzee.

Mereana akasimama. Ipo namna ya kujua, na alipaswa kuanza nayo. Haraka tu ndiyo iliyomsahaulisha.

"Huia, nifungulie kimoja."

Tangu asubuhi Huia ndiye aliyekuwa akifungua. Pakiti zilikuwa ngumu, na vidole vya Mereana vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Glavu ilikuwa jozi moja tu, na Huia alikuwa amemwachia: mama ndiye anayeshika uchafu wa watu, yeye anachana karatasi tu. Akachana, akakivuta kitambaa kwa vidole, akamnyooshea.

Mereana hakugeukia ukuta. Alikitumbukiza moja kwa moja kwenye chupa mpya.

"Mama, hujafuta popote."

"Najua."

Kitambaa kisichogusa ukuta kilipaswa kutoa mistari miwili. Wakangoja wote watatu. Ukatokea mstari mmoja.

Mzee Pascoe akashusha pumzi, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Si nilisema? Kibovu." Akaenda kumtafutia paka chakula, akipiga mluzi.

"Kwa hiyo nyumba ni safi," alisema Huia.

"Kwa hiyo kipimo ni kibovu. Nyumba bado hatuijui."

"Basi kesho asubuhi tunanunua boksi jingine, tunaanza upya mpaka vyumba vya nyuma. Mihi atalala humu, Mama. Nakwambia mimi." Akambusu shavuni, akatoka kuwasha gari.

Mereana alivua glavu, akazitupa pamoja na vijiti. Angepaswa kufurahi. Lakini miguu ilikataa kutulia, akajikuta anazunguka meza. Katika boksi ilikuwa imebaki pakiti moja. Akajisemea kama kipimo ni kibovu, basi na hiyo iishe, isibaki hata moja ya kumpotosha mtu. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaichana kwa meno, akafuta ukuta uleule wa jikoni, juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Chupa ya mwisho aliifungua mwenyewe.

"Mama!" Huia aliita kutoka nje. "Twende, kazi ipo kesho."

Kilikuwa kitambaa cha kwanza siku hiyo ambacho Huia hakukigusa. Mstari mmoja ukatokea. Honi ikalia, na wa pili ukafuata.