Mtumbwi wa Mchangani

Shangazi aliingiwa na hofu mara tu Zaina alipokaa katikati ya watoto wenzake.

Mchezo ule wa mtumbwi aliubuni shangazi mwenyewe, ili kumponya mtoto. Tangu mtumbwi wao ulipopinduka ziwani karibu na Nundu na baba yake akazama, Zaina hakuwa amesema neno, wala hakukanyaga tena ufuko wa Baraka. Basi siku hiyo ya mwaka 1956 shangazi aliwaketisha watoto kwenye mchanga wa uani, mmoja nyuma ya mwingine, wapige makasia hewani na kuyumba pamoja.

Wakayumba. Zaina akakauka, macho yamemtoka, jasho likimtiririka shingoni.

"Wifi, acha ile muchezo!" mama yake alipiga kelele mlangoni. "Utaniulia mutoto!"

Shangazi akanyoosha mkono amtoe. Ndipo Zaina akainama, akaanza kuchota mchanga kwa viganja na kuutupa nje kama maji, upesi upesi, mpaka vidole vikachubuka.

"Mutoe mayi!" akalia kwa sauti iliyokwaruza. "Batoto, mutoe mayi! Tunazama!"

Watoto wakageuka kumtazama shangazi. Akaketi nyuma ya Zaina, akachota.