Kiti cha Kurudi

"Tiketi mbili za kwenda," mzee alirudia, akigonga meza kwa kidole kimoja. "Ya kurudi, moja."

Mpangaji safari aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Ofisini walimwita Ramani, kwa sababu katika miaka tisa ya kazi hakuwahi kupoteza mteja.

"Mama atabaki huko, mzee? Ana ndugu?"

"Atabaki."

"Basi tumwekee ya kurudi isiyo na tarehe. Akiichoka bahari, anarudi."

"Binti, kiti kitakachorudi kitupu sikinunui."

Shati la mzee lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama makali ya kisu. Nyuma yake, bango la ofisi lilisema: Safari Iliyoshonwa kwa Kipimo Chako. Ramani alimwonyesha picha za kisiwa alichokitaka, nchi kamili isiyozidi ukubwa wa wilaya moja: fukwe, makumbusho, mitaa ya kale, mnara wa taa. Mzee hakuzitazama. Alitaka ngome tu, ile iliyosimama juu ya jabali kwa miaka mia nne, na maswali yake alikuwa ameyaandika kwenye karatasi.

Ngome inafunguliwa saa ngapi? Saa moja asubuhi. Mabasi ya watalii yanafika saa ngapi? Saa tatu. Mlinzi anakaa langoni au anazunguka? Langoni. Na ule ukuta wa upande wa bahari, unamfika mtu wapi?

"Kiunoni," Ramani alisema. "Ila kuna sehemu umebomoka. Wameweka kamba."

Mzee akaandika "kamba", akaipigia mistari miwili chini yake.

"Na chumba cha hoteli kiwe cha chini. Ngazi sitaki."

Simu yake ikalia. Aligeukia ukutani ili anong'one, lakini masikio yake yalikuwa mazito, na mnong'ono wake ulifika mpaka mapokezi.

"Hapana, mdogo wangu. Sitaki msaada wa mtu. Kule ngomeni tutakuwa mimi na yeye tu. Nitamsukuma mwenyewe."

Kalamu ikamtoka Ramani mkononi.

Mzee alipoondoka kwenda kwa kinyozi, Ramani aliingia kwa meneja na kumweleza yote kwa pumzi moja.

"Sisi tunapanga safari," meneja alisema, akikoroga chai. "Hatupangi ndoa za watu."

"Na akimsukuma kweli?"

"Ramani, punguza sinema. Saa tisa tiketi zichapwe."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro. Ramani alifungua faili. Kwa utaratibu wa ofisi, kila msafiri alipaswa kutia saini fomu yake kwa mkono wake, na fomu ya mke haikuwa na saini. Ilikuwa na anwani. Akaitia kwenye mkoba, akasema anakwenda kula.

Nyumba ilikuwa mtaa wa nne. Hakukuwa na ngazi mlangoni, palisakafiwa mteremko wa saruji. Alibisha.

"Sukuma, uko wazi!" sauti ya mwanamke iliitikia.

Alisukuma. Sebuleni, mama mmoja mwenye nywele nyeupe alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, paka juu ya blanketi.

Ramani alishika mwimo wa mlango, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unacheka nini, mwanangu? Wanja umenivuja?"

Ramani akajieleza, akaomba radhi, akaeleza tena: ngome, simu, nitamsukuma. Mama naye alicheka, akapiga magurudumu kwa viganja.

"Mwaka wa nne huu ananisukuma. Sokoni, zahanati, harusini. Anahema kama lori lenye mzigo, lakini hajanidondosha hata siku moja."

Akatia saini bila miwani. Ramani alikuwa ameshafika mlangoni alipokumbuka jambo moja.

"Huko utakaa kwa nani, mama?"

"Kukaa? Wiki moja tu. Nimwachie nani paka wangu?"

"Tiketi ya kurudi ni moja."

Kicheko kilikwisha. Paka aliruka chini, akaenda zake jikoni.

"Ina jina la nani?"

"La mzee."

"Na ngomeni tunakwenda lini?"

"Siku ya pili. Saa moja asubuhi, kabla ya watu."

"Ukuta?"

Ramani aligusa kiuno chake. "Sehemu nyingine umebomoka. Pana kamba tu." Akapiga hatua mbele. "Mama, twende polisi. Nitasema yote niliyosikia."

"Watakuambia mzee kasahau tiketi." Mama alilainisha blanketi polepole, kona kwa kona. "Mnachapa saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi muda upo. Ya pili usiongeze. Badilisha jina kwenye ile moja. Andika langu."

Ramani alimtazama. Alitaka kuuliza jambo, lakini mdomo ulizoea kazi. "Kubadilisha jina, lazima nione pasipoti yenyewe."

"Ipo juu ya kabati."

Ramani akavuta kigoda ili apande.

"Usijisumbue, mwanangu," mama alisema. Akaweka blanketi kando, akainuka, akatembea mpaka kwenye kabati na kuchuchumia kwa ncha za vidole vya miguu mpaka akaipata.