Pini ya Mwisho

Fundi Sekiku alitandaza ramani juu ya meza ya kukatia nguo, akabana pini tano midomoni kama afanyavyo akipima suruali. Kesho kutwa shule zingefungwa, safari ianze. Alichomeka pini moja ziwani, nyingine milimani, ya tatu mbugani na ya nne jangwani, akizipitishia uzi mwekundu. Mguu wake haukutulia; ulikanyaga hewa kana kwamba cherehani ipo.

"Mbona uzi umepinda hapa?" akauliza mkewe, Mwanahija. "Barabara ya lami imenyooka, wewe unatuzungusha jangwani siku nzima!"

Sekiku alionyesha midomo yake: ana pini, hawezi kusema.

Mwanahija hakudanganyika. Aliweka kidole juu ya mji mdogo ulio kwenye ile barabara. Hapo ndipo anapoishi kaka yake Sekiku. Tangu walipomzika mama yao, hawajasalimiana. Na kwao mtu hapiti mlangoni kwa nduguye bila kuingia, walau anywe maji.

"Watoto wananiuliza Baba Mkubwa wao anafananaje," alisema. "Niwajibu nini?"

Sekiku aliizunguka meza mara mbili. Alifungua dirisha, akalifunga. Kisha, bila kumtazama mkewe, akaichomoa pini ya jangwani, akaitupa koponi. Uzi ukalegea.

Midomoni ilibaki pini moja.

Mwanahija hakuondoa kidole. Alikisogeza kidogo tu, nafasi ya pini kupita.