Mawe Meupe ya Njia ya Waridi

Mama yake Colman alipiga magoti kando ya waridi, akaanza kupapasa mawe meupe, moja moja.

Colman, mtunza bustani mpya wa jumba la mabwana, alitabasamu. Alidhani yamempendeza.

“Umeyatoa wapi, mwanangu?”

“Nyuma ya ukuta, Mama, penye mti wa miiba. Yalinizuia kulima viazi, nikayang'oa yote, nikayapanga hapa njiani.”

Mama alishika moja lenye ufa, akalifuta udongo kwa aproni.

“Vichanga wasiobatizwa, padri aliwakataa makaburini. Tuliwazika wenyewe pale, kila mmoja na jiwe lake.”

Colman hakuelewa. Mawe yote yalikuwa sawasawa, mistari imenyooka.

“Sasa unalia nini, Mama? Si mimi ndiye mtoto wako pekee?”

Mama akamwekea lile jiwe kiganjani.

“Nionyeshe lilipokuwa. Hili la kaka yako.”