Mapumziko ya Mzee Maige

Mzee Maige hakuwa na gia kwenye baiskeli yake, hakuwa na breki ya nyuma, hakuwa na goti la kulia la kutegemewa, na hakuwa na mtu wa kusafiri naye, maana wazee wenzake walimwona amerukwa na akili. Zaidi ya yote, hakuwa na muda. Mvua zikianza tu, binti yake Melania angekuja kuwahamisha yeye na mkewe, wakaishi kwake Nyasubi, mjini Kahama.

Melania hakuwa na kosa. Mama yake, Agnetha, aliugua moyo, na tangu mawe ya kilimani yaporomoke na kuziba pengo, njia ipitayo kati ya vilima karibu na kijiji, gari la kumpeleka kliniki lililazimika kuzungukia Buseresere. Lilikuwa likifika jioni, mgonjwa akiwa hoi. Wakubwa walikuja kuyatazama mawe, wakapiga picha, wakarudi walikotoka.

"Nyumba hii nimeijenga mwenyewe," Maige alimwambia mkewe. "Wakati wa masomo ya jioni nilifanya hesabu kwa mkaa kwenye ukuta huu. Leo nikazikwe mjini, katikati ya maduka ya simu?"

"Basi kaizuie mvua," Agnetha akajibu.

Maige hakubishana. Asubuhi iliyofuata alijaza maji kwenye chupa, akapanda baiskeli, akaenda kuviaga vilima vyake.

Vilima vya huku si virefu, lakini mapengo yake ni mazuri. Unapita katikati ya majabali mawili na ghafla nchi inafunguka mbele yako: mashamba ya pamba, ng'ombe wadogo kama siafu, na hewa ikitulia, ziwa. Maige aliendesha mpaka mlima ulipomshinda, akasukuma, kisha akaificha baiskeli kichakani na kupanda kwa miguu. Juu kule mawe yalikuwa ya moto kama chungu. Alilimwagia moja maji lipoe, akalifuta kwa leso, akakaa.

Bondeni kulikuwa na wachimbaji waliotoka Nyarugusu, wakiongozwa na kijana aitwaye Marwa. Walimwona. Na katika nchi hii, mtu anayelowesha jiwe kisha akalisugua anatafuta kitu kimoja tu, maana jiwe likilowa ndipo dhahabu inapojionyesha.

Maige aliporudi kule tena, pale alipokuwa amekaa palikuwa na duara, shimo la wachimbaji, refu kumzidi yeye, na vijana wakitupa udongo nje.

Akaenda pengo jingine, la mbali zaidi. Akalowesha jiwe, akakaa. Wakamfuata huko nako.

"Wanachimba kama fuko," alimwambia Agnetha jioni, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. "Mtu huwezi hata kuaga kwa amani."

"Si uwaambie hutafuti dhahabu?"

"Nimewaambia. Wamecheka."

Alikuwa amewaambia kweli. Marwa alikuwa amemsimamisha njiani, amejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo mzee. Leo umeona nini huko juu?"

"Marahaba. Nimeona ziwa. Kisha nikapumzika."

"Eti ziwa," Marwa aliwageukia wenzake. "Mzee mzima apande mlima na goti bovu, akatazame maji. Sisi kwake watoto wa chekechea."

Baada ya hapo Maige hakwenda mbali tena. Alisema goti limemkatalia. Akabaki na pengo la pale nyumbani, lile lililozibwa na mawe, na hata hilo lilimshinda kulimaliza. Alipanda kidogo, akapumzika. Kesho akapanda kidogo tena, akapumzika. Kila alipoinuka, nyundo zililia nyuma yake. Vijana waliyavunja mawe, wakayapakia kwenye pikipiki na kuyapeleka kwenye mashine ya karasha kusagwa. Agnetha alizisikia nyundo hizo akiwa kitandani. Alimwona mumewe akirudi amejikunja, akamhurumia.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa ziwa, Marwa alifika nyumbani kwao na pikipiki. Hakusalimia.

"Mzee, tumevunja mawe mpaka mikono imeota sugu. Tumesaga yote. Hata punje hatujaona."

"Pole, mwanangu."

"Pole ya nini? Wewe siku zote hizo ulikuwa unafanya nini kule?"

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema unapumzika."

Agnetha alicheka mpaka akashika kifua, akampa kijana kikombe cha uji.

"Mama, huyu mumeo ndiye mtu mchovu kuliko wote Geita," Marwa alisema akinywa. "Acha sisi tuondoke. Tumesikia Kahama kuna rashi mpya, watu wote wanakimbilia huko, wanaokota dhahabu kama kunde."

"Mtapita wapi?" Maige akauliza.

"Si hapo pengoni? Pako wazi sasa, hata lori linapita."

Maige akaingia ndani. Simu ilikuwepo, lakini yeye aliamini jambo zito huandikwa. Alitoka na barua, akampa Agnetha aisome kwanza.

"Melania," iliandikwa, "usije kutuhamisha. Njia ya pengoni imefunguka. Waambie watu wa gari la kliniki wasizunguke tena."

Agnetha aliisoma, kisha akaitazama tarehe. Ilikuwa ya siku ile mumewe alipolikuta duara la kwanza.

Akainua macho. Maige alikuwa amekwisha kuichukua barua, akaitia ndani ya bahasha, akailamba gundi, akaifunga, akamkabidhi Marwa aipeleke.